Imesomwa na Kuelezwa na Mimi

Jumatano, tarehe 12 Novemba. Mvua ndogo tangu kabla ya kucha, ikakatika saa tatu, kisha jua kali ghafla mpaka bati za majirani zikaanza kutoa mvuke.

Leo kamati ilitusikiliza. Nataka kuandika siku hii kama ilivyokwenda, kwa sababu najijua. Baada ya wiki moja nitaanza kuipanga upya kichwani. Nitajipa maneno mazuri ambayo sikuyasema, na wengine nitawapa maneno mabaya ambayo hawakuyasema. Nimesoma mpaka darasa la sita, na juu yake miaka miwili ya kushona kwa masista. Si elimu ya kujivunia. Lakini mimi nilijivunia, na mambo yetu yote yalianzia hapo.

Mume wangu alikuwa askari miaka ishirini na saba. Aliingia kijana wa kilimani asiyejua mji, akatoka kaporali shefu mwenye goti bovu. Sisi tunadai pensheni, hapa kwetu watu husema pansiyo, ya kila mwezi, kama askari yeyote aliyemaliza muda wake. Jeshi linasema hakumaliza, aliomba mwenyewe kuondoka, na anayeomba mwenyewe hupewa pesa mara moja, basi. Kamati ilikuwa ya kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Ikisema alistaafu, atalipwa mpaka afe, na akifa nitalipwa mimi. Ikisema aliomba, hakuna kitu tena, na yeye ataendelea kufungua geti la watu kule Kinindo, amesimama na goti lile, mpaka litakapokataa kabisa.

Jeshi lina karatasi moja tu ya kutushinda. Chini ya karatasi hiyo kuna saini mbili: ya mume wangu na yangu.

Lazima nieleze ya kwangu ilifikaje pale.

Katika nyumba yetu neno volonteri lilikuwa neno zuri kuliko yote. Mume wangu alilileta kutoka kambini. Siku walipomwandika jeshini, mkubwa mmoja aliwapanga vijana uwanjani akauliza volonteri ni nani, na yeye akapiga hatua mbele kabla hajajua anaitiwa nini. Karatasi yake ya kuingia iliandikwa hivyo kwa Kifaransa, kwamba ameingia kama volonteri. Kambini, alisema, mkubwa akihitaji watu wa kazi ngumu huita volonteri, na anayejitokeza hukumbukwa wakati wa kugawa nyama. Akatufundisha nyumbani. Maji yakikatika anasimama mlangoni na madumu mikononi: volonteri wa bidoni ni nani? Mtoto aliyenyanyuka wa kwanza alisifiwa mpaka jioni. Binti zetu wawili walikua wakigombania neno hilo. Mkubwa ameolewa Uvira, na hata leo akipiga simu husema, Mama, mi volonteri wa kukusalimia.

Sasa, miaka mitatu iliyopita, kambini walitangaza kwamba kuna askari watakaotoka. Siku walipoita watu wote na kueleza karatasi zile kwa Kirundi, mstari kwa mstari, mume wangu alikuwa hospitali ya kambi kwa ajili ya goti. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu si kosa la jeshi kwamba goti lilivimba siku ile. Walieleza. Yeye hakuwapo. Aliporudi, karani akampa karatasi akamwambia airudishe Ijumaa, na kama kuna asichoelewa aulize. Mume wangu akasema ana mtu nyumbani wa kumsomea.

Mtu huyo ni mimi.

Kirundi anakisoma vizuri kunishinda. Kifaransa hapana. Kifaransa nyumbani kilikuwa changu. Karatasi za shule, karatasi za dawa, barua ya mwenye nyumba, zote zililetwa kwangu, nami nilizisoma nimesimama karibu na dirisha, polepole, kama mtu mkubwa. Nikachukua ile karatasi. Mengi yalinipita. Lakini katikati niliona maneno mawili: départ volontaire. Départ nililijua, ni kuondoka. Na la pili, nani asiyelijua katika nyumba yetu?

Nikamwambia, wamekuandika volonteri, kama siku uliyoingia. Umeingia na jina hilo na wanakutoa na jina hilo. Ni heshima.

Alifurahi. Sitaki kuongeza chumvi. Hakuruka, si mtu wa kuruka, lakini alikaa kitako akaomba aione mwenyewe, akaweka kidole juu ya neno. Akatia saini na kalamu yangu. Chini yake palikuwa na mstari mtupu umeandikwa Lu et expliqué par, maana yake imesomwa na kuelezwa na fulani. Hapo nilielewa kila neno. Nikaandika jina langu na saini, kwa mwandiko wa masista. Hakuna aliyeniambia nijaze. Ningeuacha mtupu, pengine karani angemwita mume wangu amwulize nani amekuelezea, na angemweleza upya. Pengine pia asingeuliza kitu. Sijui. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyosali.

Tulijua baada ya miezi kadhaa, binti yetu mdogo aliporudi likizo kutoka shule ya bweni. Benki walikuwa wanatuambia hakuna cha kila mwezi kilichoingia, sisi tukidhani ni kuchelewa. Binti akaomba aone nakala. Akaisoma mara moja tu, haraka, ile haraka ya watoto wa siku hizi.

"Mama, hapa wanasema Baba aliomba mwenyewe kutoka."

"Hawasemi aliomba. Wanasema volonteri."

"Ndiyo hilo, Mama. Kwa hiari yake. Na alikuwa amebakisha miezi saba."

Nilimwomba asimwambie baba yake, nitamwambia mimi. Nikakaa wiki mbili sijamwambia. Nilipomwambia alikuwa anapiga viatu brashi. Akasema sawa, akaendelea na kiatu cha pili. Tangu siku hiyo hatujawahi kutamka ni nani aliyesoma. Barua tatu za malalamiko tumeandika, binti ndiye aliyeziandika, na katika zote tatu hakuna mahali panaposema ni nani aliyesoma. Nilidhani ukimya ule ni huruma yake kwangu. Leo naona ulikuwa hasara, lakini sisemi kwamba angefanya vingine. Hata mimi sikuuvunja.

Jumapili alikuja rafiki yake kutoka Mutakura, aliyekuwa sajini. Huyu na mume wangu wakati wa vita walikuwa kila mtu upande wake. Amani ilipokuja wakawekwa kambi moja, chumba kimoja, na kwa miezi sita ya kwanza kila mmoja alilala amevaa viatu. Leo ni kama ndugu. Yeye naye alisaini karatasi ileile, akalalamika kwa kamati, na wakamrudishia pansiyo yake. Alikuja kwa miguu kwa sababu mafuta hakuna na mstari wa basi ulikuwa unazunguka pembe mbili. Alikuwa na mwavuli na mkungu mdogo wa ndizi begani. Nasema hayo ili ieleweke kwamba alikuja kwa wema.

Mimi nilikuwa uani nakamua nguo, wao mlangoni.

"Bana kamati banauliza kitu moja tu," sajini akasema. "Nani alikusomea? Mi nilisema apana mutu. Ikaisha."

"We hukusomewa kweli," mume wangu akasema.

"Kweli kabisa. Niliweka dole kama mbuzi. Sasa we uko na ule mustari wa chini. Hapo ndipo shida iko. Shemeji aseme aliandika jina juu nafasi ilikuwa mutupu. Nafasi tu. Aliona nafasi, akajaza. Hakusoma kitu."

"Yeye alisoma."

"Mi najua alisoma, kaporali. Bujumbura yote inajua shemeji anasoma. Hata nzi ya Bwiza inajua." Akaniita uani. "Shemeji, Jumatano ule Kifaransa yako uiache nyumbani, ilale."

Nikacheka, kwa sababu ndivyo tunavyoishi na yeye. Mume wangu hakucheka. Akasema, na haya nilisikia kwa masikio yangu, maji yakinidondoka viganjani: "Mi siwezi kudanganya kamati. Mi si mutu wa ile."

Basi nikajua. Nikajua atasema ukweli, na mimi nikiitwa nitasema ukweli, tuwe kitu kimoja. Jumatatu na Jumanne aliondoka kabla ya kucha kwenda Kinindo na akarudi amechoka. Hatukuzungumza. Niliona hakuna cha kuzungumza, neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwake.

Leo basi. Tulitoka Bwiza mvua ilipokatika, kwa miguu, yeye amevaa koti lake la harusi na mimi kitenge cha kanisani. Goti lilimsumbua kwenye matope, akawa anasimama kana kwamba anatazama maduka. Mwenye nyumba ya Kinindo alimpa ruhusa ya siku nzima bila kinyongo. Nami nafua nguo nyumba hiyohiyo siku tatu kwa wiki, na nguo zangu za leo wamesema nitafua kesho. Ni watu wazuri. Si wao waliotuweka pale.

Katika ukumbi wa kamati tulikuta wazee kama kumi na tano, wote wanakaa wima. Askari hata akizeeka anakaa wima, utadhani benchi linampa amri. Sajini wa Mutakura alikuwa ameshafika kutusindikiza, ingawa yake iliisha. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufi akamwuliza, "We ulishapata yako, unatafuta nini hapa tena?"

"Nimekuja kuona sura zenu."

"Sura zetu zilikwisha. Tazama benchi hii yote, ni volonteri. Volonteri wa kungoja."

"Mi mwaka wa pili nangoja," akasema mwingine. "Mke wangu anasema heri vita, vita ilikuwa na siku ya kuisha."

Wakacheka kwa sauti ya chini. Karani akatoa kichwa, akawaambia wanyamaze, wazee, ndani watu wanafanya kazi. Wakanyamaza wote mara moja. Ni kijana anayeweza kuwa mjukuu wao. Lakini hakuwasema vibaya, na mezani kwake niliona mafaili yamepandana mpaka kidevuni.

Mume wangu aliitwa wa kwanza, peke yake. Nilidhani tutaingia pamoja. Sajini naye alidhani hivyo, akaniambia kwake waliingia wawili. Karani akasema siku hizi wanasikiliza mmoja mmoja. Mume wangu akavuta koti, akaingia. Nilikaa nikihesabu vigae vya sakafu. Sijui alikaa muda gani. Mzee wa kofia alilala, akaamka, na mlango bado umefungwa.

Kisha ukafunguka, karani akaniita, "Mke wa kaporali." Nikanyanyuka. Mume wangu alikuwa anatoka, tukakutana mlangoni, karani ameshikilia mlango kati yetu. Mume wangu hakugeuza shingo. Alipokuwa ubavuni mwangu akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha kambi:

"Iko nafasi tu."

Nikaitikia ndiyo. Nikatazama ndani, na kweli mbele ya meza palikuwa na kiti kimoja kitupu. Nikashukuru moyoni kwamba hata katika saa kama ile amekumbuka miguu yangu iliyochoka na njia. Nikaenda nikakaa.

Walikuwa watatu. Mama mmoja wa miaka yangu, mwenye miwani, ndiye mkubwa wao. Pembeni yake ofisa wa jeshi aliyevaa kiraia, nilimjua tu kwa shingo iliyonyooka. Na kijana wa kuandika. Mama alinisalimia vizuri, akanimiminia maji kwenye glasi. Waliongea Kirundi. Mimi naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya daftari hili, na kama nimekosea neno lao ni kosa langu.

Mama akanisogezea karatasi. "Hii saini ya chini ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliiweka mwenyewe? Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

"Ulimsomea mume wako karatasi hii kabla hajasaini?"

Hapa ndipo. Naandika polepole. Nilikuwa na muda wa kunywa maji, na niliyanywa. Sikuwaza maneno ya sajini. Nilimwaza mume wangu, kwamba ameketi kwenye kiti hiki dakika chache zilizopita akasema ukweli, na mimi siwezi kumwacha peke yake.

"Nilimsomea," nikasema. "Nilimweleza. Lakini nilimweleza vibaya."

Kijana akaacha kuandika. Mama akavua miwani. Yule ofisa akaniuliza nilielezaje, na nikawaeleza neno volonteri, vyote, uwanja wa kuandikishwa, nyama, bidoni za maji, watoto. Niliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kuongea mbele ya wakubwa. Kijana alitabasamu kidogo. Ofisa hakutabasamu.

"Hata mimi niliingia na neno hilo," alisema. "Lilikuwa neno zuri."

Nilifikiri tumeshinda. Naandika hilo ili nikumbuke kwamba kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili nilifikiri hivyo.

Mama akarudisha miwani. "Mama, mume wako ametuambia hapa kwamba hakuna mtu aliyemsomea. Amesema wewe uliandika jina lako kwa sababu palikuwa na nafasi. Tumemwuliza mara mbili. Sasa wewe unatuambia ulisoma na ulieleza. Tuandike lipi?"

Ndipo nilipolisikia lile neno la mlangoni. Nafasi. Hakuwa ananionyesha kiti.

Ningeweza kusema nimechanganyikiwa. Ningeweza kusema mimi ni mwanamke wa darasa la sita, nimeogopa, aliyosema mume wangu ndiyo kweli. Yule mama alingoja. Nadhani alinipa muda kwa makusudi, na ninaliandika hilo kwa faida yake. Ofisa alikuwa anatazama mikono yake.

Nikasema, "Andikeni yote mawili."

"Tukiandika yote mawili, mama, tunabaki na karatasi. Na karatasi inasema imesomwa na kuelezwa."

"Lakini ilielezwa vibaya."

"Nimesikia. Aliyeeleza vibaya si jeshi. Kama ingekuwa karani wa kambi amekosea, tungekuwa na kazi nyingine hapa. Ni mtu aliyechaguliwa na mume wako mwenyewe." Hakulisema kwa ukali. Akaongeza kwamba tunaweza kwenda mahakamani tukitafuta wakili, na akamwambia kijana aandike kwamba tumeelezwa haki hiyo. Kijana akaandika. Wakanipa karatasi nisaini kwamba nimesikilizwa. Niliisoma yote, mstari kwa mstari, nikauliza maneno mawili, na wote watatu wakangoja. Halafu nikasaini.

Sasa najiuliza, na hakuna wa kumwuliza. Je, nilisema ukweli kwa sababu ni ukweli? Au kwa sababu sikutaka iandikwe mahali kwamba mimi ni mtu wa kutia saini asichosoma? Mbele ya yule mama mwenye miwani, wa miaka yangu, mwenye meza, nilitaka ajue kwamba nasoma. Sisemi ndiyo hiyo. Nasema ilikuwamo. Na hata ningesema uongo, saini ilikuwa pale, pengine wangekataa vilevile. Sajini anasema wasingekataa. Yeye si kamati. Lakini alipata yake, sisi hatukupata.

Ukumbini sajini aliona uso wangu, akaokota mwavuli wake. Mume wangu aliniuliza tu, "Imeisha?" Nikasema imeisha. Tukawaaga wazee mmoja mmoja kwa mkono. Mzee wa kofia akasema, "Kaporali, tutaonana," na mume wangu akajibu, "Apana, muzee, hapa hatuonani tena."

Tulitembea mpaka karibu na soko. Sajini alikuwa mbele yetu na mwavuli wake, anatuachia nafasi yetu. Kisha mume wangu akasema:

"Mi nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Pale mulangoni. Nafasi."

"Nilidhani kiti."

Akasimama. Nilidhani ni goti. "Kiti?"

"Palikuwa na kiti kitupu. Nikadhani unanionyesha nikae."

Watu walikuwa wanatupita na mizigo. Halafu akacheka, si kicheko cha uchungu na si cha furaha, kicheko kifupi cha mtu aliyepigwa kikumbo na asiyemjua. Sajini akageuka. Mume wangu akamwambia, "Yeye aliona kiti."

"Ulisema hutadanganya," nikamwambia mume wangu. "Jumapili. Nilisikia."

"Nilisema."

"Basi kwa nini?"

Akanijibu tukitembea. "Yule mama aliuliza, mke wako ndiye alikuingiza makosa? Hivi, mbele ya afande. Nikaona bataandika jina lako. Nikasema apana."

Alipiga hatua mbele, machoni pao, kama kule uwanjani siku ile, kabla hajafikiri. Na mimi nikaja nyuma yake nikamfanya mwongo. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuadhibiwa kwa uongo, na sasa faili lake la mwisho linasema maneno yake na ya mkewe hayapatani. Nilimwambia nisamehe. Akasema, "We ulisema kweli, mi nilisema uongo, na yote banaandika. Sasa tutoke kwa hii jua." Sikuona hasira. Wala sikuona kitu kingine. Ningefurahi kuona hasira.

Sajini alitaka tuzungumze habari ya wakili. Anamjua mmoja. Mume wangu alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema wakili ni wa watu wenye miaka mbele yao. Sajini akaapa atauliza hata hivyo. Atauliza, namjua, na wakili atasema bei yake, na itaishia hapo. Tuliagana naye njia ya Mutakura.

Nyumbani binti mdogo, siku hizi yuko nasi, aliuliza kwa macho tu. Baba yake akamwambia tumeshindwa, akavua koti la harusi akalitundika. Binti akaniuliza kama walisoma barua alizoandika. Nikamjibu zilikuwa mezani. Sikuona kama zilifunguliwa, na sikutaka kumwambia zilifunguliwa. Akaenda kuteka maji kabla hajaitwa na mtu.

Mume wangu ameniambia kesho ataondoka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Atamwomba mwenye nyumba kiti cha kuweka getini, akikataa basi. Nilisema nitamwombea mimi kwa mama wa nyumba, nikipeleka nguo. Akasema hapana, ataomba mwenyewe.

Jioni tulikula maharagi na ndizi za kupika, na lengalenga kidogo, mchicha wa kwetu. Makala, haya makaa ya jikoni, yaliisha kabla maharagi hayajaiva vizuri, tukala hivyohivyo.